Majivu kwenye Udongo Mchachu

Nilisoma madarasa mawili, na la pili sikulimaliza. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanicheka mwandiko. Lakini kulima nilijua kabla sijajua herufi moja, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Ninayoandika yalitokea wakati wa Mwingereza, juu kule Mbulu karibu na msitu, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba na nguo haikauki siku tatu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sijaoa. Kabla ya hapo nilikuwa chini, upande wa Hanang, katika kundi la kufyeka vichaka vya mbung'o. Serikali ilitaka nchi ile isafishwe ili wale nzi wanaoua ng'ombe wakose kivuli, na kila kijiji kilitoa vijana wake. Miiba, jua, maji ya tope, panga mkononi tangu asubuhi. Nilikaa huko misimu miwili. Nilipotoka, viganja vyangu vilikuwa kama kwato. Nilimwambia mama yangu, mbele ya ndugu zangu wote, kwamba panga la serikali sitalishika tena maisha yangu.

Kazi ya bustani niliipata kwa mke wa yule bwana aliyesimamia kufyeka. Bwana aliniona nikifanya kazi, akasema huyu si mvivu, apelekwe kwa memsabu. Lakini siku ile ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni na kiko mdomoni, alinieleza pia kwamba nikiiharibu bustani ya mkewe ninarudi nilikotoka. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia kesho itanyesha. Tangu hapo, kila nilipoona jani limekunjika, nilisikia panga.

Memsabu alikuwa mwembamba, anavaa viatu vya mumewe, anapiga magoti kwenye tope bila kujali. Alikuwa na maua mengi, lakini roho yake ilikuwa kwenye vichaka kumi na kimoja alivyoletewa kutoka kwao. Vilikuja kwa meli, vikapanda treni, vikapanda lori, mizizi imefungwa kwa magunia mabichi. Vilipandwa nyuma ya jiko, chini ya mti mkubwa, mahali jua halifiki na mfereji wa chemchemi unapita. Vilinifika magotini tu. Majani yake yalikuwa mazito, yanang'aa kama yamepakwa samli, na hayakupukutika mwaka mzima, kiangazi wala masika. Alisema vikikubali mahali vitazaa vitunda vyekundu, kama buni iliyoiva, na kwao watu huvikata na kuviweka ndani ya nyumba siku ya Krismasi. Alikuwa hajaviona tangu aolewe. Aliniambia mambo mawili juu yake.

La kwanza, tisa ni majike na viwili ni madume, na maua ya dume ndiyo yanayonukia zaidi. Dume halizai, lakini ukiling'oa kwa sababu halizai, majike nayo hayatazaa. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia hilo nilijua tangu nachunga mbuzi. Akacheka mpaka akakaa chini.

La pili ndilo lililonikwama. Alisema, "Hivi vinataka udongo mchachu." Nikadhani Kiswahili chake cha kitabuni kimempoteza, maana maziwa ndiyo huwa machachu. Akachota udongo aliokuwa ametengeneza kwa majani yaliyooza ya msituni, mweusi, mwepesi, unanukia uyoga, akanitia kiganjani. Huo, akasema. Nisiongeze kitu. Maji ya mfereji na majani yaliyooza, basi.

Nikasema ndiyo, memsabu. Nikaondoka moyo haujatulia.

Lazima mtu ajue nilikotoka. Nyumbani kwetu Bashay ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na sisi. Kila alfajiri mama yangu na dada zangu walizoa samadi, wakazoa na majivu ya mafiga, wakamwaga kwenye shamba lililo ubavuni mwa nyumba. Kila siku, bila kukosa, tangu bibi wa bibi yangu. Mahindi ya shamba lile yalimficha mtu mrefu. Maboga yake mtoto hakuweza kuyabeba. Hatua mia moja tu kutoka hapo, ambako majivu hayakufika, mahindi yalisimama kama ndevu za kijana. Mimi nililelewa hivyo, kwamba ardhi ina njaa na isiyolishwa inakufa. Sasa mwanamke aliyezaliwa mahali ambapo labda hata hawachomi kuni ananiambia nisilishe ardhi. Niliona anakosea. Niliona namwonea huruma. Tena nasema wazi, niliona nitamwonyesha.

Majivu yalikuwa jikoni, na jiko lilikuwa la mpishi. Huyu alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu, mtu mzima, kofia nyeupe haijawahi kuwa na doa. Mkewe na watoto walikuwa Dongobesh, kwa shemeji yake mwenye duka. Mimi na yeye hatukupatana. Alidai heshima kama kodi ya kichwa, na mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetoka kwenye miiba.

Nilipokwenda kuomba ndoo, akaniangalia kuanzia miguu.

"Wewe Mmbulu, shikamoo yako imebaki Bashay?"

"Nimeiacha inachunga ng'ombe."

"Basi kaifuate. Ukirudi nayo, majivu yapo."

Nikasimama pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa. Mwishowe nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, akanipa ndoo mbili.

Niliyatia memsabu alipokuwa ndani akiandika barua. Nikachanganya na samadi ya zizi la jirani, nikafukia vizuri, nikafunika juu kwa majani yake yaliyooza asione. Nikanawa mikono kwenye mfereji. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mwenye akili.

Baada ya majuma matatu hivi, majani machanga yalianza kupauka. Hayakunyauka, la. Mishipa ilibaki kijani, lakini nyama yote katikati ikawa ya njano, kama jani limechorwa kwa wino halafu likafuliwa. Nikasema ni njaa, sijavilisha vya kutosha. Nikaongeza majivu. Yakazidi. Nikaongeza tena. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika pale na jioni wa mwisho kuondoka, nageuza jani moja moja, nahesabu. Kazi nyingine zikalala. Waridi zikaota magugu. Chakula nilikula nimesimama, macho kwenye vichaka vile.

Memsabu aliona, bila shaka. Akaniuliza kama nimeweka kitu. Nikasema hapana. Juma lililofuata akauliza tena, nikasema hapana. Mara ya tatu alikuja na udongo kiganjani, akanifungulia mkono karibu na pua, akaniuliza polepole, neno moja moja. Nilimtazama machoni nikasema, "Hapana, memsabu. Maji tu." Panga lilikuwa linalia masikioni mwangu.

Siku hiyohiyo, tukiwa bado tumesimama pale, mpishi alifungua mlango wa jiko akamwaga beseni la maji ya kuoshea vyombo. Alimwaga pale siku zote. Yalikuwa ya kijivu, yana povu la sabuni, yakateremka taratibu mpaka kwenye mizizi ya kichaka cha kwanza. Memsabu aliyafuata kwa macho. Akaweka udongo chini, akajifuta mikono kwenye sketi, akaingia jikoni.

Hakupiga kelele. Kule ndani nilisikia sauti yake tu. Ikawa hivi: yeye na bwana walikuwa wanakwenda safari ya majuma matatu upande wa Basotu, na mpishi wa kambi. Wakirudi, huyu wa nyumbani awe amefunga vitu vyake. Alikuwa amemkataza kumwaga maji pale mara nyingi, akamwaga, akaua vichaka vyake.

Mpishi alinikuta kwenye mfereji jioni. Nilidhani atanipiga. Aliongea kama anayeagiza chumvi.

"Majivu yalitoka jikoni kwangu, na aliyeyabeba ni wewe. Kama ndiyo yaliyovidhuru, mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Haya. Siku ukijua, utasema. Mimi sitakusemea. Hata baba yako mdogo ni lika langu, siwezi kwenda kwa mwanamke wa Kizungu kumshtaki mtoto."

Na kweli sikujua. Hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi, kwamba moyo ulikuwa unajua na kichwa kinakataa. Majivu yaue? Majivu yaliyonikuza?

Wazungu walipoondoka tu, mama yangu alipita. Ilikuwa siku ya mnada, amebeba kibuyu cha maziwa mgongoni. Nilimwamkia, nikamwonyesha vichaka, nikamweleza kila kitu kwa lugha yetu, kwa haraka, nikitegemea aniambie nimefanya sawa. Hakukaa. Alichuchumaa, akachota udongo kwa vidole viwili, akauweka kwenye ulimi, akatema pembeni.

"Huu ni wa mlangoni kwangu," akasema.

Nikasema ndiyo, mama, ndivyo nilivyokusudia.

"Wewe umetembea msituni na mimi kutafuta kuni tangu unanyonya. Pale wanapowasha moto warina asali, baada ya mwaka kunaota nini?"

Nikafikiri. Yalikuwa yanaota majani yanayowasha, basi. Vile vichaka vizito vya kivulini, vyenye majani ya kung'aa, havikusogea tena kwenye jivu hata baada ya miaka. Nilikuwa nimeviona maisha yangu yote na sikuwahi kuviuliza.

"Hawa ni watu wa msituni," akasema mama. "Umewapa chakula cha mahindi." Halafu akanitazama vizuri. "Na huyo mama wa Kizungu alikukataza?"

"Alinikataza."

Akainua kibuyu chake. Alisema amechelewa mnadani. Kwa mama yangu, hilo lilikuwa tusi zito kuliko kunichapa.

Nilianza kesho yake. Ning'oe kichaka, nikioshe mizizi kwenye mfereji mpaka maji yatoke safi, nikikalishe kwenye gunia bichi kivulini. Halafu nichimbe udongo wote wa kitalu, kina cha mkono mpaka begani, niubebe niumwage mbali. Halafu nipande msituni na magunia, nikwangue chini ya miti mikubwa ule udongo wa mboji, mwepesi kama ugoro, nishuke nao mgongoni. Njia ilikuwa inateleza. Nilipanda na kushuka mpaka magoti yakawa yanatetemeka nikiwa nimekaa. Kila kichaka nilikumbuka kilikuwa wapi, majike tisa na madume mawili, nikakirudisha palepale.

Mpishi alikaa mlangoni akinitazama. Nilimwomba anisaidie hata magunia mawili.

"Mgongo wangu nauhifadhi," akasema. "Nina sanduku la kubeba hivi karibuni."

Lakini kila niliposhuka nilikuta kikombe cha chai juu ya jiwe, kimefunikwa na kisahani. Na maji ya vyombo alikuwa anayapeleka mbali, nyuma ya banda la kuku, hatua zote zile, mtu aliyefukuzwa.

Kufika juma la tatu, ncha zilichipua. Vijani vidogo, viwili viwili, vya kijani kibichi. Nilikaa chini kwenye tope nikavitazama. Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi, kama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Kwa sababu memsabu aliporudi, hata kofia hajavua, alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akapiga magoti, akashika ncha zile kwa vidole. Akageuka uso unang'aa. "Unaona?" akaniambia. "Ilikuwa sabuni." Vichaka vimepona mara tu maji yalipokoma. Ushahidi ukawa huo, na aliyeutengeneza ni mimi, kwa mgongo wangu.

Bwana alifurahi pia. Akatoa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, akasema kuanzia leo mimi ni msimamizi wa bustani, nitapewa kijana wa kunisaidia. Nikalivaa. Lilinibana kwapani. Nikaenda kwenye waridi, nikarudi, nikaenda kwenye kisima, nikasahau nilichofuata, nikarudi. Nikajiambia mpishi ana shemeji mwenye duka, hatakufa njaa. Mimi nina nini? Nikajiambia nitasema kesho. Nikajiambia sabuni nayo si nzuri. Huku natembea tu, kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o.

Asubuhi mpishi akatoka na sanduku lake la bati kichwani. Kanzu safi, kofia safi. Alipita karibu yangu, na hakuniangalia koti wala uso. Alisema tu, "Mkaa wa jana uko chini ya karai, usimwage, bado unafaa." Akaendelea kuelekea geti.

Mpaka leo sijui kwa nini ni neno la mkaa lililonisukuma. Nilikwenda barazani bila kuitwa. Memsabu alikuwa anakunywa chai. Nikavua koti kwanza, nikaliweka kwenye kiti.

"Si sabuni," nikamwambia. "Ni majivu. Nilitia mimi. Ndoo nyingi."

Aliweka kikombe. Akaniuliza kwa nini.

"Niliona najua kuliko wewe."

Nikamweleza na udongo wa msituni, na magunia, na mama yangu alivyoonja. Alisikiliza yote. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Halafu akasema, "Nilikuuliza mara tatu." Basi. Juu ya majivu hakusema kitu, wala sikuona kama yanamuuma tena. Akainuka, akakimbia na viatu vile vikubwa vya mumewe mpaka getini, akamrudisha mpishi. Alilishika sanduku upande mmoja yeye mwenyewe, mpishi upande wa pili, mpishi akiona aibu anajaribu kumnyang'anya, wakaja hivyo njia nzima wakiyumba.

Bwana alitimiza alichosema. Jumatatu lori la kwenda bondeni likasimama getini, na mimi nikapanda na panga langu. Sikulalamika. Uchungu nilikuwa nao, na aibu ya kukutana na mama, maana lori lilikuwa linapitia Bashay kuchukua vijana wengine. Dereva akiwa anazungusha hendeli, mpishi akatoka anakimbia ameshika furushi la gunia bichi.

"Chukua. Nimekukatia tawi kwa kisu cha nyama."

"Memsabu amekuruhusu?"

"Wewe kwa maswali ya kuruhusiwa hufai. Chukua."

Nikamwambia shikamoo. Hakuwa ameidai safari hii. Akaitikia.

Bashay nilimpa mama lile furushi juu ya ubao wa lori, tukiwa hatuna muda hata wa maneno kumi. Alijua la kufanya. Alilichomeka kwenye korongo nyuma ya nyumba, penye maji na miti, mbali na njia ya majivu. Likashika.

Nilifyeka msimu mwingine mmoja, nikatoka, nikaomba korongo lile ambalo ndugu zangu hawakulitaka kwa sababu mahindi hayakui humo. Walinicheka. Nikapanda kahawa chini ya miti, kwenye udongo wa mboji, bila kung'oa mti mkubwa hata mmoja. Kila kitu nilicho nacho leo, nyumba ya bati, watoto waliosoma kunipita, kimetoka kwenye korongo lile, na sikupewa na mtu. Mjukuu akionekana na ndoo ya majivu kuelekea kule, mwenyewe anajua kitakachompata.

Na kichaka cha memsabu kipo. Kimenipita urefu. Kijani mwaka mzima, kinang'aa. Kila mwaka kinatoa maua madogo meupe yenye harufu tamu inayofika mpaka uani, watu wapitao njiani wanasimama kuuliza ni nini. Maua yakishakauka, hakuna. Hata kitunda kimoja. Mwaka wa kwanza nilisubiri, wa pili, wa tatu. Ilinichukua muda kukubali. Mpishi alichagua kwa pua, kama anavyochagua bizari, na madume ndiyo yanayonukia. Alinikatia dume.

Nilirudi Mbulu kutafuta jike. Bwana na memsabu walishahamishwa, na aliyefuata alipenda nyasi, alikuwa ameng'oa kila kitu chini ya mti ule. Niliuliza kwa wenye bustani wote ninaowajua. Mpaka sasa nikiona uani kwa mtu pana kivuli na maji, nachungulia.

Mpishi nilimkuta miaka mingi baadaye Dongobesh, mzee sana, ana mgahawa mdogo wa chai na maandazi, kofia bado nyeupe. Aliniletea kikombe kimefunikwa na kisahani. Jambo la kwanza aliloniuliza, kabla ya watoto na kabla ya mvua, ni lile tawi. Lilizaa?

Nikamtazama machoni.

"Limezaa," nikasema. "Mekundu. Mengi mpaka matawi yameinama."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika, akasema alijua, alichagua zuri kuliko yote. Akakataa hela ya chai.

Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani, na nilipofika sikuingia ndani, nilishuka moja kwa moja korongoni kukiangalia kichaka kile.